Urahisi wa matumizi: Jinsi ya kupima programu ya mtandao wa kijamii katika fuo za Ziwa Victoria

Programu ya mtandao wa kijamii inaweza kuwa na mamilioni ya watumiaji kote ulimwenguni, lakini ikamshinda mtu mmoja aliyeihitaji usiku mmoja wa dhoruba. Mshindo wa aina hiyo haumaanishi kila mara kwamba mtumiaji hana elimu, wala kwamba simu yake ni mbovu. Aghalabu maana yake ni kuwa waliobuni programu, au waliochagua kuitumia kwa kazi fulani, hawakuipima mikononi mwa watu ambao ingewafaa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Taaluma ya kupima urahisi wa matumizi wa vyombo vya tarakilishi imejengwa juu ya hekima iyo hiyo: anayejua ugumu wa programu ni yule anayeitumia, mahali anapoitumia, kwa shughuli inayompa riziki.

Makala haya yanaeleza jinsi upimaji huo unavyofanywa, yakichukua mfano wa wavuvi na wachuuzi wa samaki katika kisiwa cha Takawiri na fuo nyingine za kaunti za Homa Bay na Migori. Huko, kundi la WhatsApp linaweza kuwa soko, ubao wa matangazo na king'ora cha hatari kwa wakati mmoja.

Maana ya urahisi wa matumizi

Shirika la Kimataifa la Viwango, maarufu kama ISO, lilitoa mwaka wa 1998 kiwango nambari 9241-11, ambacho kilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2018. Kwa mujibu wa kiwango hicho, urahisi wa matumizi ni kadiri ambavyo watumiaji mahususi wanaweza kutumia chombo kufikia malengo mahususi, katika mazingira mahususi, kwa mafanikio, bila kupoteza muda na nguvu, na kwa kuridhika.

Neno la kuzingatia hapo ni "mahususi." Hakuna programu iliyo rahisi au ngumu kwa watu wote. Programu inayomfaa karani wa Nairobi, aliyeketi ofisini penye umeme na intaneti ya kasi, yaweza kumtatiza mvuvi mwenye mikono iliyolowa, akiwa gizani, na salio likikaribia kwisha. Kuuliza iwapo programu fulani ni rahisi, bila kutaja ni kwa nani, kwa kazi gani na wapi, ni swali lisilo na jibu.

Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyefanya kazi nyingi Marekani, aliigawa sifa hiyo mwaka wa 1993 katika mafungu matano: wepesi wa kujifunza, kasi ya kufanya kazi baada ya kuzoea, wepesi wa kukumbuka baada ya kuacha kwa muda, idadi na uzito wa makosa, na kuridhika kwa mtumiaji. Mafungu hayo yangali yanatumika kama orodha ya kuanzia.

Mazingira ya Takawiri

Takawiri ni kisiwa kidogo kilichoko kati ya Rusinga na Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay. Rusinga imeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja, lakini anayekwenda Takawiri hana budi kupanda mashua. Wakazi wengi huzungumza Dholuo, hata wale ambao asili yao ni jamii ya Wasuba, kwani lugha ya Kisuba imepoteza wazungumzaji wengi kwa Dholuo.

Uchumi wa eneo hilo unategemea omena, mbuta na ngege. Omena huvuliwa usiku, hasa mwezi unapokuwa umefifia, kwa taa zinazowavutia samaki hao karibu na nyavu. Mashua hurejea alfajiri. Hapo kazi huwaangukia wachuuzi na waanikaji, wengi wao wanawake, ambao hutandaza omena juani. Mvua ikinyesha kabla omena hawajakauka, thamani yao huporomoka, na wengi huishia kuwa chakula cha mifugo.

Ndiyo maana habari mbili hutafutwa sana ufuoni: hali ya hewa na bei. Ya kwanza ni suala la kufa na kupona. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800, na dhoruba zake za usiku huzuka kwa ghafla. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima, linalomilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka wa 2017 ulianza mradi uliojulikana kama HIGHWAY, ulioongozwa na WMO na kufadhiliwa na Uingereza, kwa lengo la kuboresha utabiri na maonyo kwa watumiaji wa ziwa hilo. Idara za hali ya hewa za nchi husika zilianza kutoa utabiri wa ziwani ulioandikwa kwa ajili ya wavuvi, nao ukasambazwa kupitia redio, arafa, makundi ya WhatsApp na vitengo vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU. Vitengo hivyo viliwekewa kanuni rasmi nchini Kenya mwaka wa 2007.

Kuhusu bei, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi Kenya, KMFRI, ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 2000 huduma ya arafa iliyowawezesha wavuvi kupata bei za samaki katika fuo na masoko mbalimbali. Tangu wakati huo, mengi ya mazungumzo ya biashara yamehamia katika mitandao ya kijamii.

Kwa hivyo swali la urahisi wa matumizi katika fuo hizi si la anasa. Onyo la dhoruba lililotumwa saa kumi jioni, lakini likaonekana usiku wa manane, ni sawa na onyo ambalo halikutumwa.

Hatua ya kwanza: Kutambua watumiaji

Upimaji huanza kwa kuorodhesha watu, si vibonyezo vya programu. Katika ufuo wa Takawiri, pana angalau makundi manne yanayofaa kutenganishwa: wavuvi wanaoingia majini, wenye mashua, ambao huenda wasiende ziwani wenyewe, wachuuzi na waanikaji wa omena, na viongozi wa BMU, ambao ndio hupokea habari kutoka serikalini na kuzisambaza.

Kila kundi lina simu zake na desturi zake. Baadhi ya watu wana simu za kisasa, wengine wana simu ndogo maarufu kama "mulika mwizi," ambazo haziwezi kubeba WhatsApp. Mashua moja yenye watu watatu au wanne inaweza kuwa na simu moja tu inayopokea ujumbe wa kundi. Aidha, simu ya kisasa ikizeeka hufungiwa nje: Februari 2020, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye mfumo wa Android 2.3.7 na ile iliyoutangulia. Mpimaji asiyeuliza aina ya simu na umri wake atapima watu wasiowakilisha ufuo.

Je, wahitajika watu wangapi? Nielsen alieneza kanuni kwamba watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya programu. Hesabu yake ilichukulia kuwa mtumiaji mmoja, kwa wastani, hufichua asilimia 31. Kanuni hiyo hunukuliwa sana, ila masharti yake husahaulika: inahusu watumiaji wa aina moja, na lengo lake ni kutafuta matatizo, si kutoa takwimu. Pakiwa na makundi manne yanayotofautiana, inafaa kuchukua watu watatu au wanne kutoka kila kundi, kurekebisha kasoro zilizoonekana, kisha kurudia.

Hatua ya pili: Kuchagua kazi

Mtumiaji haombwi "kuangalia programu na kutoa maoni." Anapewa kazi iliyo sawa na ile anayoifanya katika maisha yake, bila kuelekezwa ni wapi pa kubonyeza. Kazi nzuri ina mwanzo, mwisho, na dalili wazi ya kufaulu.

Kwa mfano wa kundi la WhatsApp la ufuo, kazi tano zinaweza kutosha:

1. Tafuta utabiri wa usiku wa leo katika kundi, kisha useme kama upepo utakuwa mkali.

2. Eleza utabiri huo ni wa tarehe gani, na ni nani aliyeutoa kwanza.

3. Tuma ujumbe wa sauti ukiwafahamisha wenzako bei ya omena ya asubuhi hii.

4. Umetuma ujumbe kwa kundi lisilofaa. Ufute kwa watu wote.

5. Kwa kiongozi wa BMU: tambua ni wanachama gani ambao hawajapokea onyo ulilotuma.

Kazi ya pili yaonekana nyepesi, lakini ndiyo yenye mtego. WhatsApp huonyesha saa ambayo ujumbe ulitumwa katika kundi hilo. Ujumbe wa jana ukisambazwa leo, hubeba saa ya leo. Tangu Julai 2018, ujumbe wa aina hiyo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa umesambazwa, lakini alama hiyo haitaji siku ulipoandikwa. Mvuvi anayeona utabiri wa anga tulivu uliosambazwa jioni hii anaweza kuamini ni wa usiku huu, kumbe ni wa juzi.

Kasoro hiyo haionekani ofisini. Huonekana pale tu mtu anapoombwa kufanya kazi halisi na kueleza alichokielewa. Dawa yake haihitaji mhandisi: anayetoa utabiri aandike siku, tarehe na saa za kutumika katika mstari wa kwanza wa ujumbe wenyewe, na katika ujumbe wa sauti azitamke kabla ya neno lingine lolote.

Kazi ya tano nayo hufichua dhana potovu. Alama moja ya tiki humaanisha kuwa ujumbe umetumwa, mbili kuwa umefika. Rangi ya samawati, iliyoletwa mwaka wa 2014, humaanisha kuwa umefunguliwa, isipokuwa kwa aliyezima taarifa hiyo. Katika kundi, tiki hizo hazigeuki samawati mpaka wanachama wote waufungue. Kiongozi asiyejua hayo anaweza kudhani kila mtu amearifiwa kwa kuwa ameona tiki mbili katika mazungumzo ya mtu mmoja.

Hatua ya tatu: Kutazama na kunyamaza

Njia inayotumika sana ni kumwomba mtumiaji afikiri kwa sauti: aseme anachokitafuta, anachokitarajia na kinachomshangaza huku akiendelea na kazi. Clayton Lewis wa kampuni ya IBM aliileta njia hiyo katika upimaji wa tarakilishi mwaka wa 1982.

Jukumu gumu zaidi la mpimaji ni kunyamaza. Mtumiaji akikwama, mpimaji hutamani kumnyooshea kidole mahali pa kubonyeza. Akifanya hivyo, amelifuta tatizo alilokuja kulitafuta. Inatosha kuuliza, "Unatarajia nini kitokee?" kisha kuandika jibu neno kwa neno.

Lugha ni jambo la pili. Menyu ya simu yaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili ilhali fikra na gumzo la ufuoni ni Dholuo. Mtumiaji aachwe aseme kwa lugha anayofikiria, na mpimaji awe anaielewa au awe na msaidizi anayeielewa. Anayelazimishwa kufikiri kwa sauti katika lugha ya shuleni atasema machache, na machache hayo yatakuwa ya heshima kuliko ya kweli.

Jambo la tatu ni mahali. Jaribio lifanywe ufuoni, na ikiwezekana saa ambazo programu hutumika: jua linapowaka juu ya kioo cha simu hadi maandishi hayaonekani, na giza linapoingia mashua zikiandaliwa. Mpimaji aandike pia kiasi cha chaji kilichobaki, hali ya mtandao, na kama mtumiaji amewasha data au ameizima ili asimalize bando. Mtu aliyezima data hapati onyo, hata kundi likiwa zuri namna gani.

Adabu kama kizuizi

Wapimaji wengi hurudi na majibu matamu: programu ni nzuri, ni rahisi, asanteni. Majibu hayo yapokewe kwa tahadhari. Mgeni akipewa sifa, huenda anapewa adabu.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka wa 2012, Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Bangalore, India, ambapo watu walionyeshwa vyombo viwili na kuulizwa kipi ni bora. Chombo walichodhani kimebuniwa na mhojaji kilipendelewa mara 2.5 zaidi. Mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, upendeleo huo ulifika mara 5, hata pale ambapo chombo kilichodhaniwa kuwa chake kilikuwa hafifu zaidi.

Fundisho kwa fuo za Homa Bay na Migori ni bayana. Mpimaji asijitambulishe kuwa mwenye programu. Aeleze kwamba kinachojaribiwa ni programu, si mtu. Na zaidi ya yote, azingatie watu walichofanya kabla ya walichosema. Aliyesema "ni rahisi" baada ya kubonyeza mahali pasipofaa mara sita amejibu swali kwa vidole vyake.

Hatua ya nne: Kuhesabu

Hesabu za msingi ni tatu: waliofaulu, muda waliochukua, na makosa waliyofanya. Kundi likiwa dogo, ni busara kuandika "8 kati ya 12" badala ya "asilimia 67," kwa sababu asilimia humfanya msomaji adhani wamepimwa mamia. Makosa nayo yapewe uzito. Kukosea herufi katika ujumbe wa bei si sawa na kuelewa utabiri kinyume.

Ili kupima kuridhika, wataalamu hutumia hojaji iitwayo SUS, iliyobuniwa na John Brooke mwaka wa 1986 alipokuwa na kampuni ya Digital Equipment nchini Uingereza. Ina kauli 10. Zenye nambari witiri huisifu programu, kwa mfano kwamba mtu angependa kuitumia mara kwa mara. Zenye nambari shufwa huikosoa, kwa mfano kwamba ina utata usio wa lazima. Mhojiwa hutoa alama kati ya 1, asipokubaliana kabisa, na 5, akikubaliana kabisa.

Hesabu yake hufanywa hivi. Katika kauli witiri, toa 1 kutoka kwa alama ya mhojiwa. Katika kauli shufwa, toa alama ya mhojiwa kutoka kwa 5. Jumlisha yote, kisha uzidishe kwa 2.5. Matokeo huwa kati ya 0 na 100.

Chukulia mchuuzi ambaye kauli zake witiri ni 4, 4, 3, 5 na 3. Baada ya kutoa 1 kila mahali, zinabaki 3, 3, 2, 4 na 2, yaani 14. Kauli zake shufwa ni 2, 4, 2, 2 na 3. Zikitolewa kutoka kwa 5 zinakuwa 3, 1, 3, 3 na 2, yaani 12. Jumla ni 26, na 26 mara 2.5 ni 65.

Je, 65 ni alama nzuri? Wastani unaotumiwa kama kipimo cha kulinganishia ni 68, kwa hivyo programu hiyo iko chini kidogo ya wastani. Alama hiyo si asilimia, wala haielezi kasoro iko wapi. Ni kama kipimajoto: husema mgonjwa ana homa, hakisemi ugonjwa ni upi.

Tahadhari moja ni tafsiri. Kauli za kukanusha huwachanganya watu zinaposomwa kwa sauti, hasa zikitafsiriwa papo hapo. Tafsiri ya Kiswahili au Dholuo iandaliwe mapema, irudishwe kwa lugha ya asili na mtu mwingine ili kuona kama maana imesalia, na ijaribiwe kwa watu wawili au watatu kabla ya kutumika.

Ukaguzi bila watumiaji

Ipo njia ya bei nafuu inayoweza kutangulia safari ya mashua. Mwaka wa 1990, Nielsen na mwenzake Rolf Molich walipendekeza ukaguzi unaofanywa na wataalamu wachache wakiongozwa na kanuni za jumla. Orodha ya kanuni 10 iliyoenea ni ile ambayo Nielsen aliiboresha mwaka wa 1994. Baadhi yake zinafaa sana kwa mitandao ya kijamii.

Programu imwonyeshe mtumiaji kinachoendelea: je, ujumbe umekwenda au umekwama kwa sababu mtandao umekatika? Itumie maneno na alama zinazofahamika: picha ya kipaza sauti humaanisha nini kwa mtu ambaye hajawahi kukiona studioni? Imruhusu kurudi nyuma anapokosea: WhatsApp ilileta uwezo wa kufuta ujumbe kwa watu wote mwaka wa 2017, lakini wangapi wanajua ulipo? Izuie makosa kabla hayajatendeka. Na imwezeshe kutambua badala ya kukumbuka, yaani aone njia mbele ya macho bila kuikariri.

Ukaguzi wa namna hii huokoa muda kwa kuondoa kasoro za wazi. Hata hivyo, hauwezi kuchukua nafasi ya watumiaji. Hakuna mtaalamu aliyeketi mezani atakayekumbuka kwamba mkono wenye magamba ya samaki hauleti jibu kwenye kioo cha simu.

Gharama ni sehemu ya urahisi

Makosa makubwa ya wapimaji wengi ni kutenganisha programu na fedha. Susan Wyche, Sarita Yardi Schoenebeck na Andrea Forte walichapisha mwaka wa 2013 utafiti kuhusu matumizi ya Facebook katika sehemu za mashambani nchini Kenya, uliotokana na mahojiano 24 na uchunguzi katika maduka ya intaneti. Walibaini kwamba gharama ya intaneti, uhaba wa tarakilishi na simu za kisasa, na umeme usioaminika ndivyo vilivyowazuia watu. Kichwa cha utafiti huo kiliiita Facebook anasa.

Tangu wakati huo simu za kisasa zimeenea zaidi, lakini hesabu ya bando haijatoweka. Maandishi ya herufi 500 huwa na uzito wa takriban nusu kilobaiti. Picha moja ya utabiri, yenye nembo na ramani za rangi, inaweza kufika mamia ya kilobaiti, na mtumiaji asipobadilisha mpangilio wa simu yake, picha hupakuliwa zenyewe. Picha hiyo hupendeza kwenye tarakilishi ya ofisini. Kwenye simu ndogo, maandishi yake huhitaji kuvutwa kwa vidole viwili ili yasomeke.

Ujumbe wa sauti una faida yake: asiyesoma vizuri huusikia, na walio katika mashua moja huusikiliza pamoja. Ila hauwezi kutafutwa kwa neno, na msikilizaji hana budi kuusikiza hadi mwisho. Busara ni kujaribu aina zote tatu kwa watu wale wale, na kuuliza baadaye wanakumbuka nini. Jambo la kupimwa ni kama mtu alielewa vyema kiasi cha kuamua aingie ziwani au abaki.

Wingi wa gumzo ni gharama nyingine. Onyo likitumwa katika kundi lenye salamu, vichekesho na matangazo ya mazishi, huzama. Mwaka wa 2018 WhatsApp iliruhusu wasimamizi wa makundi kuzuia wanachama wengine kutuma ujumbe. BMU inaweza basi kuwa na kundi moja la matangazo pekee na lingine la gumzo. Mpangilio huo nao ujaribiwe, kwani kundi la matangazo humnyima mvuvi nafasi ya kuuliza, au ya kueleza wingu aliloliona yeye mwenyewe.

Upimaji unapobadilisha chombo

Wakenya wana mfano mkubwa wa jaribio lililogeuza wazo zima. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone, pamoja na shirika la mikopo la Faulu Kenya, walianza kujaribu huduma ya simu jijini Nairobi na Thika kwa wateja karibu 500. Nia ilikuwa kuwawezesha kulipa mikopo midogo.

Waliokuwa wakisimamia waligundua kuwa wateja waliitumia kwa mambo ambayo hayakutarajiwa, yakiwemo kutumiana pesa na kuzihifadhi wanaposafiri. Huduma iliyozinduliwa kwa umma Machi 2007 kwa jina la M-Pesa ilijengwa juu ya wazo la kutuma pesa. Ilikaa ndani ya menyu ya laini ya simu, ikafanya kazi katika simu ndogo kabisa. Lau waanzilishi wangehesabu tu marejesho ya mikopo, wangeandika kwamba jaribio lilikuwa gumu na kuliacha hapo.

Ridhaa, siri na usalama

Makundi ya WhatsApp hufichua nambari za simu za wanachama, na mazungumzo yake huwa na madeni, bei na magomvi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze lengo lake, na asichukue zaidi ya anachokihitaji. Ridhaa, pale inapotegemewa, lazima itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Mpimaji asipige picha kioo cha simu ya mtu bila idhini, na asijiingize kimyakimya katika kundi kusoma yaliyomo.

Juu ya hayo, onyo la kujaribia lisitumwe kamwe kana kwamba ni la kweli. Onyo la uongo humkosesha mvuvi riziki ya usiku mmoja, na humfundisha kupuuza onyo lijalo. Ujumbe wa jaribio uanze na kuishia kwa neno JARIBIO, usomwe mchana mashua zikiwa nchi kavu, na viongozi wa BMU wawe wamearifiwa.

Baada ya kupima

Ripoti nzuri ya upimaji ni fupi. Hutaja nani walipimwa, kwa kazi zipi, wapi na lini. Huorodhesha matatizo kwa uzito wake. Na mbele ya kila tatizo huandika anayeweza kulitatua. Mengine yanamhusu mwenye kampuni, naye yuko mbali. Mengi, hata hivyo, yanaweza kutatuliwa karibu: tarehe katika mstari wa kwanza, maandishi badala ya picha nzito, kundi la matangazo lililotengwa, na mtu mmoja ufuoni aliyepewa jukumu la kuwasomea onyo wasio na simu za kisasa.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Pale ambapo sehemu ya wavuvi hawana simu inayobeba programu, hakuna urekebishaji wa programu utakaowafikia. Redio, arafa, bendera ufuoni na sauti ya mtu ni sehemu ya mfumo uleule, na zinapaswa kupimwa pamoja nayo.

Kisha upimaji urudiwe. Programu hubadilika kila toleo jipya, vibonyezo huhamishwa, simu huzeeka, na wavuvi wapya hujiunga. Kundi lililofaa msimu uliopita huenda lisifae msimu ujao, na atakayelijua hilo mapema ni yule anayeshuka ufuoni kabla mashua hazijang'oa nanga, akamwomba mtu mmoja tu amwonyeshe utabiri wa usiku wa leo.